Gudulia Lililofukiwa Mara Mbili

Wewe uliyenifuata tangu juma la kwanza, nivumilie kidogo. Na wewe uliyenunua gazeti hili leo kwa ajili ya habari nyingine, keti. Maneno ya kukutia njiani si mengi.

Jina langu ni Rugemalira. Nina umri wa miaka themanini na mmoja. Nilifundisha kwa miaka thelathini na tisa, ishirini kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na hadi juzijuzi nilikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri hapa Ijumbi, wilayani Muleba.

Mwaka 1978, vita ilipotukaribia, rafiki yangu Shaban wa Bukoba mjini alinikabidhi gudulia la kauri nyeupe lenye joka la samawati. Joka hilo lilikuwa na kucha tano katika kila mguu, na kucha tano, kwa desturi ya Wachina wa kale, zilikuwa za mfalme peke yake. Babu yake Shaban alikuwa amekuja nalo kutoka pwani. Tulilifukia katika kibanja changu, shamba la migomba kando ya nyumba, chini ya mlamula, ule mmea wa mpaka ambao Mhaya haung'oi. Kisha tukatafuna buni mbili za ganda moja, yeye moja na mimi moja. Ndivyo tunavyoapiana undugu, na waliokula kiapo hicho huitana mnywani. Wazee wetu walizipaka damu. Sisi tuliacha damu, maana yeye ni Mwislamu na mimi ni Mkristo. Kiapo hakikupungua uzito.

Vita ilipokwisha nililifukua zima. Shaban akasema, "Likae kwako, mnywani wangu, mpaka nitakapoliita." Likakaa sebuleni mwangu, watu wakija kulitazama.

Tetemeko la Septemba 2016 liliangusha ukuta wa jiko langu, likaliacha gudulia. Mchungaji akalihubiri kama muujiza. Shaban, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuzima, aliletwa akalipapasa, akalia machozi ya shukrani. Majuma matatu baadaye mke wangu Kokubanza aliniambia tulihifadhi katika majani makavu, kwa kuwa mguu wa meza ulikuwa umelegea. Nikamjibu kwamba sifundishwi na mwanamke ndani ya nyumba yangu. Na ili neno hilo likae sawasawa, niliipiga meza kwa fimbo.

Gudulia lilivunjika vipande kumi na saba.

Laiti lingevunjwa na tetemeko! Ningelia, na watu wangelia pamoja nami. Lakini lilikuwa limekwisha kuhubiriwa.

Nilivifukia vigae palepale chini ya mlamula, nimeviviringisha katika lubugo, nguo ya gome la mti ambayo zamani tuliwavika wafu wetu. Kisha nilimtuma mjukuu wangu Agnetha, mtoto wa marehemu mwanangu Rwekaza, aliyekuwa akisomea ufamasia Uchina, aniagizie nakala kwa mfinyanzi mmoja wa huko, kwa kufuata picha zilizopigwa na wageni. Nikamwapisha asimwambie mtu. Mwaka uliofuata alirudi na nakala. Shaban alipoliita gudulia lake mwezi uliopita, nilimpa nakala hiyo.

Juma lililopita niliwaachia pale Najibu, mwana wa Shaban, alipomwonyesha gudulia mhandisi Mchina wa kazi za barabara. Mhandisi aliingiza tochi ndani ya shingo, akakuta maandishi. Jumapili baada ya ibada, polisi walimkamata Agnetha, kwa kuwa ndiye aliyesoma Uchina, kwa madai kwamba aliiba gudulia la asili na kuacha nakala mahali pake.

Sasa nieleze nilichokifanya. Sikipendi, lakini nitakieleza.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa kituoni Bukoba, nimevaa koti langu la ibada.

Mpelelezi aliyeshika jalada aliinuka aliponiona. Anaitwa Gozbert, nilimfundisha tangu darasa la nne hadi la saba. Najibu alikuwa ameketi mbele yake, na gudulia lilikuwa juu ya meza, limetandikiwa gazeti.

"Shikamoo, Mwalimu," Gozbert alisema.

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yupo, amekwisha kunywa chai. Keti kwanza, waitu," aliongeza, kwa neno letu la heshima.

Najibu hakuniamkia. Alipokuwa mtoto alikuwa akija kwangu kila msimu wa senene, na alikula mpaka tukamnyang'anya sahani.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu," alisema. "Wewe hukujua lolote. Umeibiwa kama sisi tulivyoibiwa. Nyoka umemlea mwenyewe, na karo ukamlipia."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Nilihitaji maneno matatu tu: nililivunja mimi mwenyewe.

"Mhandisi alisoma nini hasa?" niliuliza, kana kwamba sijui.

Gozbert alichukua karatasi. "Ameandika hivi: 'Nimeiga kazi ya mabwana wa kale. Hiki si cha kale. Kimefanywa kwa mkono wa Wen, mwaka 2017.' Anasema yameandikwa kwa brashi kabla ya kuchomwa, kwa hiyo hayafutiki."

Nilijua. Agnetha alikuwa amenipigia simu mwaka huo kutoka karakana ya mfinyanzi yule. "Babu, fundi amekataa," aliniambia. "Atafinyanga kwa mkono, atachora joka lote kwa mkono, hata zile alama sita za mfalme zilizo kitakoni ataziandika. Lakini lazima aseme mahali fulani kwamba ni nakala. Anasema asiposema, yeye ni mwizi."

"Mwambie aseme ndani ya shingo," nilijibu, "ambako jicho halifiki."

Mtu wa nchi ya mbali, asiyenijua, alikataa kusema uongo hata ndani ya giza la shingo ya gudulia. Mimi nilikuwa na sebule yenye madirisha manne.

Gozbert aliagiza Agnetha aletwe. Aliingia na gauni lake la Jumapili, limekunjamana, miguu haina viatu. Ana umri wa miaka ishirini na tisa. Hospitali nzima humwita Dada Famasia.

"Babu, umekuja," alisema.

Nilifunga kifungo cha koti langu.

"Agnetha," Gozbert alisema, "nakuuliza kwa mara ya mwisho mbele ya babu yako. Gudulia la kweli liko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeapa, afande."

"Umemwapia nani?"

Aliniangalia. Si kwa kunishitaki. Aliniangalia kama mtoto aliyefika ubaoni, chaki mkononi, anamngoja mwalimu amwambie aanze.

"Mtu ninayemheshimu," alisema.

Najibu alicheka kwa hasira. "Umesikia, afande? Huyo ndiye mnunuzi! Mtu anayemheshimu! Labda yuko Dubai."

Wote watatu waligeuka kunitazama, wakingoja babu aseme neno lake. Nikalisema.

"Agnetha, mtoto wa kike huketi wima mbele ya wakubwa."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Aliketi wima. Walipomrudisha mahabusu alikuwa bado amenyoosha mgongo.

*

Nilimkuta Kokubanza uani, ungo wa senene magotini, akinyonyoa mabawa. Hakuinua kichwa.

"Umesema?"

"Mazingira hayakuruhusu."

"Mazingira." Alinyonyoa senene mmoja, akamtupa bakulini. "Yalikuwa na ukubwa gani, hayo mazingira?"

"Kokubanza, usinidhihaki."

"Sikudhihaki, waitu, nauliza. Mwaka ule uliniambia neno lisitoke nje ya uzio huu. Basi badala ya neno ametoka mtoto."

Jumanne Agnetha alipelekwa mahakamani. Mimi nilibaki kitandani, nikasema magoti yananiuma. Yalikuwa yakiuma kweli, lakini yameuma miaka kumi na tano na sijawahi kukosa ibada.

Jioni alikuja Immakulata, jirani yetu, aliyekuwa amekwenda mjini kununua mbolea, akapita mahakamani kwa huruma yake mwenyewe.

"Amerudishwa rumande siku kumi na nne," alisema. "Hakimu alimuuliza kama ana ndugu hapo wa kumdhamini. Akageuka, akayatazama mabenchi yote, moja baada ya jingine."

"Akasema nini?" Kokubanza aliuliza.

"Akasema, 'Wako njiani, mheshimiwa.'"

Kokubanza aliingia ndani, akafunga mlango. Chakula changu kililetwa na Immakulata.

*

Jumatano asubuhi nilisimama mbele ya meza ya Gozbert. Sikukubali kuketi.

"Nimekuja kuungama. Gudulia nililivunja mimi, mwezi Oktoba mwaka 2016. Agnetha aliagiza nakala kwa amri yangu, akanyamaza kwa amri yangu. Andika."

Gozbert aliweka kalamu chini. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ilinichoma kuliko kofi.

"Mwalimu, unakumbuka mwaka 1991? Nilikuja ofisini kwako nikasema naumwa tumbo, kumbe nilikwenda kukamata senene."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Ulinichapa sita. Ukasema, 'Sikuchapi kwa kutoroka. Nakuchapa kwa sababu umeniona mimi ni mtu wa kudanganywa.'" Alitabasamu kidogo. "Maneno hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye kiti hiki. Sasa leo usinione mimi ni mtu wa kudanganywa."

"Gozbert, ninasema kweli."

"Kila babu anasema kweli. Mwezi uliopita alikuja mmoja kutoka Ngenge, akaapa kwamba ng'ombe watatu aliiba yeye, si kijana wake. Ana miaka tisini na miwili, waitu. Aliletwa amebebwa mgongoni."

"Mimi si babu wa Ngenge."

"Ndiyo maana nakusikitikia zaidi. Yule alikuwa na mazoea. Wewe hujui kudanganya, Mwalimu. Unadanganya vibaya, unasimama kama mtu anayeimba wimbo wa taifa."

Nimejenga jina kwa miaka sitini, tofali juu ya tofali. Siku hiyo nilisimama mbele yake nikabisha hodi, jina langu mwenyewe likakataa kunifungulia.

"Unataka nini ili uamini?" niliuliza.

"Lilivunjika, sivyo? Vigae viko wapi?"

"Nimevifukia kibanjani kwangu."

Hapo alibadilika kidogo. Alishika tena kalamu.

"Vilete. Kimoja tu chenye joka, kilinganishwe na zile picha za zamani. Ukikiweka kwenye meza hii leo, kesho asubuhi nasimama mwenyewe mbele ya mwendesha mashtaka. Lakini ukija mikono mitupu, Mwalimu, nitaandika kwamba nimemwona babu anayempenda mjukuu wake. Na hilo si kosa, wala si ushahidi."

*

Kabla ya kurudi Ijumbi nilikwenda kwa Shaban. Niliona ni haki asikie kutoka kinywani mwangu kabla ya kusikia kwa polisi.

Nyumba yake haiko mbali na soko. Najibu alifungua mlango nusu, akasimama katika nusu ile.

"Baba anapumzika."

"Nina neno naye, Najibu. Ni fupi."

"Neno gani? Hajui chochote. Tumemwambia gudulia limepelekwa kusafishwa. Moyo wake una ugonjwa, daktari amekataza habari nzito."

"Naomba uniite ndani. Kiapo kilikuwa kati yangu na yeye, hakikuwa kati yangu na wewe."

"Unakuja kumwombea mwizi kwa kipofu," alisema, na sauti yake ilipanda. "Mtu mzima kama wewe! Mzee wa kanisa! Rudi nyumbani, Mwalimu, kabla sijakukosea adabu."

Akafunga. Mlango ulikuwa mwembamba. Kutoka ndani nilisikia kikohozi ninachokijua.

Nilisimama barazani nikakumbuka jambo. Tangu mwaka wa tetemeko, Shaban alikuwa akija Ijumbi kila Krismasi na kila Pasaka, akishikwa mkono na mjukuu wake Sumaiya. Tulitafuna kahawa, tukanyamaza kama wanyamazavyo marafiki wa zamani. Na kila mara, kabla ya kuondoka, aliuliza: "Mnywani wangu, una neno?"

"Sina neno, Shaban," nilikuwa nikijibu.

Nilidhani ni adabu yake tu.

Hata mwezi uliopita, nilipomwekea nakala magotini, aliipapasa muda mrefu. Aliipapasa kitako, akaipapasa mdomo. "Lina uzito kuliko nilivyokumbuka," alisema.

"Ni mikono yetu iliyochoka," nilimjibu.

"Labda," alisema. "Una neno?"

*

Nilifika nyumbani saa tisa alasiri. Sikuvua koti. Nilichukua jembe, nikaenda moja kwa moja kwenye mlamula.

Mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha ardhi. Nilichimba kwa nguvu ambazo sikujua kama bado ninazo, nikiongea peke yangu kama mwehu: kigae kimoja, Bwana, kimoja tu, chenye kucha. Nilishaona katika akili yangu Gozbert akisimama. Nilishaona Agnetha akitoka, nami nikimvika viatu.

Kwa kina cha mkono hadi kiwiko, jembe lilishika lubugo.

Nilipiga magoti. Gome lilikuwa limeoza pembezoni, katikati bado zima. Nikalivuta.

Lilikuwa jepesi mno.

Nililifungua juu ya mapaja yangu. Hapakuwa na kigae hata kimoja. Kulikuwa na kichupa cha dawa, cha kioo, kimezibwa kwa nta. Ndani ya kichupa kulikuwa na buni mbili, zimekauka, bado zimeshikana katika ganda moja.

Kiapo kile kilijulikana na watu wangapi? Mimi. Shaban. Na mtu mmoja zaidi, aliyetuletea siku hiyo buni zenyewe katika kikapu kidogo cha ukindu, akaambiwa aende jikoni.

"Umechelewa miaka minane," Kokubanza alisema nyuma yangu.

Alikuwa amesimama kati ya migomba, mikono ndani ya kitenge.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Siku ya tatu baada ya kuvunjika, ulipokwenda kikao cha wazee wa kanisa. Nilivifukua, nikavitia chini ya ndizi katika kikapu, nikapanda gari hadi Bukoba. Vyote kumi na saba."

"Uliniasi, Kokubanza."

"Nimeasi fimbo tu. Wewe uliapa, mimi nikatimiza."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake kwa mara ya kwanza tangu anijue, ingawa ilikuwa kwa sababu ya shimo.

"Akasema nini?"

"Alivipapasa kimoja kimoja. Alipofika kwenye kile cha kichwa cha joka, akakishika kifuani. Nilidhani atatulaani. Akaniambia, 'Mama Rwekaza, usimwambie kwamba najua. Ataniambia mwenyewe. Mwalimu ni mtu wa kweli, anahitaji muda kidogo.' Akanipa hizo buni. 'Kazifukie palepale,' akasema. 'Siku atakapochimba, ajue nilikuwa namngoja.'"

"Kwa hiyo ile nakala..."

"Aliijua kabla hujamwekea magotini. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa hujui."

"Na ulikaa nami miaka minane, ukanipikia, usiseme?"

"Aliniomba ninyamaze. Na wewe ulikuwa umenifundisha namna ya kunyamaza. Nilikuwa mwanafunzi mzuri."

"Na mtoto, Kokubanza? Mtoto yuko ndani!"

Hapo sauti yake ilivunjika. "Nilijua ungesema Jumatatu! Nilijua hata wewe, kwa mtoto, ungesema! Jana asubuhi, ulipojilaza na magoti yako, nilipiga simu ya Shaban mara nne. Mara zote alipokea Najibu. Mara zote alikata."

Niliinuka kwa kushika mlamula.

"Vigae viko wapi sasa?"

"Aliniambia atavitia katika kasha lake, chini ya kitanda. Hakuna anayelifungua ila yeye."

Basi nilielewa mambo yalivyokaa. Ushahidi wa kumtoa mjukuu wangu ulikuwa ndani ya nyumba ya mtu aliyemfunga, chini ya kitanda cha baba yake, na Najibu mwenyewe hajui. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu ambaye Najibu angemwamini akisema vigae hivyo ni vya nini. Ningelala barazani kwake. Ningepiga kelele dirishani. Shaban angeisikia sauti yangu, angesema neno moja, na mambo yangekwisha.

"Nipe simu," nilisema. "Nipe na nauli. Narudi Bukoba."

Simu ililia mkononi mwake kabla hajanipa.

Alikuwa Sumaiya, yule mjukuu anayemshika Shaban mkono. Alikuwa akilia kwa namna ambayo maneno yalikuja vipande.

"Shikamoo, Babu Mwalimu. Babu amekata kauli."

"Amefanya nini?"

"Amekata kauli. Tangu adhuhuri. Asubuhi aliisikia sauti yako mlangoni. Akauliza kwa nini hukuingia. Baba akasema umeondoka. Babu akang'ang'ania, akauliza, akauliza, mpaka Baba akakasirika, akamwambia yote. Kwamba gudulia ni la kuiga. Kwamba Dada Agnetha yuko rumande."

"Kisha?"

"Babu alipiga ukelele, 'Mmemfunga mtoto!' Akataka kusimama, akashika kitanda, akaanguka. Daktari yupo hapa. Anasema upande mmoja umekufa."

"Hakusema kingine?"

"Alisema kabla ulimi haujamshinda. Alirudia mara mbili. 'Mwulizeni Mwalimu, ana neno?' Baba anasema amechanganyikiwa. Babu Mwalimu, maana yake nini?"

Kokubanza alikuwa ameweka sikio karibu na langu. Alisikia. Akanishika mkono wa koti.

"Anasikia?" niliuliza. "Sumaiya, babu yako anasikia?"

"Daktari anasema huenda anasikia."

"Iweke simu sikioni mwake. Isogeze kabisa. Usiiondoe mpaka nimalize."

Nguo zilisuguana. Nikasikia watu wakinong'ona mbali, kisha pumzi. Pumzi nzito, karibu, ya mtu asiyesema.

Nilisimama wima kando ya shimo langu, kichupa kiganjani.

"Mnywani wangu," nilisema. "Ni mimi. Ninalo neno. Nimekuwa nalo miaka minane, na kila uliponiuliza nilikuficha. Gudulia lako sikulitunza. Halikuvunjwa na tetemeko wala na mtoto. Kokubanza alinionya, nikamkemea, nikainua fimbo..."

Nilimweleza meza. Nilimweleza simu ya Agnetha, na fundi Wen, na maneno niliyomjibu. Nilimweleza Jumatatu, na kuketi wima. Nilisema yote, bila kuyapamba, nami sikumbuki kama niliwahi kusoma somo lolote madhabahuni kwa uwazi ule. Pumzi iliendelea sikioni mwangu, nzito, bila kukatika, nikashukuru, nikidhani ananisikia.

"Vigae unavyo wewe," nilimaliza. "Kasha liko chini ya kitanda chako. Wewe na mimi tunajua. Bana kidole cha Sumaiya, Shaban, ili wajue kwamba nasema kweli."

Pumzi ilisimama.

Kisha sauti ikasema, pale pale karibu, kavu na nzima, sauti ambayo haikuwa ya mzee wala ya mgonjwa:

"Baba wamekwisha kumfumba macho, Mwalimu. Simu hii nimeishika mimi tangu ulipoanza. Endelea. Rudia hapo pa fimbo."